Kolesteroli ya Baba imeshuka ghafla: tufurahi au tuogope?

Kwako Daktari Mshauri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watatu, na ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kumezuka ugomvi ambao sikuutarajia, ugomvi unaotokana na namba moja tu iliyo kwenye karatasi ya majibu ya damu.

Baba yetu ana umri wa miaka 66 na ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Miezi saba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana ambayo tayari ilikuwa imesambaa hadi kwenye ini, na tukaelezwa kwamba hiyo ndiyo inayoitwa hatua ya nne. Kwa sasa anapata tibakemikali kila baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo tatizo pekee la kiafya tulilomjua nalo lilikuwa kolesteroli. Miaka minane iliyopita alipimwa akakutwa na milimoli 6.4 kwa lita, akaanzishiwa kidonge cha atorvastatini cha kila usiku, na tangu wakati huo kipimo chake kimekuwa kikicheza kati ya 4.8 na 5.0. Hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kwa mazoea yake ya ualimu, kila majibu aliyopewa ameyaandika katika daftari moja, tarehe upande wa kushoto na kipimo upande wa kulia, na katikati amepiga mstari kwa rula.

Mwezi uliopita nilikwenda mimi kumchukulia majibu, nikakuta kolesteroli imeshuka hadi 3.3, ingawa dozi ya kidonge haikubadilishwa. Nilifurahi mno, kwa kuwa kwa miaka minane nzima sisi sote tulikuwa tukiomba namba hiyo ishuke. Mdogo wangu wa kiume alipoiona hakusema kitu. Alikwenda kusoma kwenye intaneti, akarudi uso umemsawijika. Alisema amesoma kwamba wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa wenye kolesteroli ya chini hufariki mapema kuliko wenye kolesteroli ya juu. Tangu siku hiyo anataka Baba aache kidonge mara moja na alishwe mafuta kwa wingi ili namba ipande. Kitinda mimba wetu wa kike naye amesoma jambo la kinyume, kwamba seli za saratani hujilisha kwa mafuta, na yeye akiingia jikoni hatii hata tone moja la mafuta katika chakula cha Baba.

Jumapili iliyopita waliandaa kila mmoja sahani yake na kuziweka mbele ya Baba kwa wakati mmoja, moja iking'aa kwa mafuta ukingo hadi ukingo, na nyingine imepauka kwa vilivyochemshwa. Baba alizitazama, akachota kijiko kimoja kutoka kila sahani ili asimwonee mtu, kisha akaomba asaidiwe kurudi kitandani. Alipoinuka niliona kwamba mkanda wake wa suruali una tundu jipya, ambalo nadhani alilitoboa mwenyewe kwa msumari. Kliniki wanasema amepungua kutoka kilo 70 hadi 61 katika miezi sita.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, ni kweli kwamba kushuka huku ni dalili mbaya? Je, tukiipandisha kolesteroli tutamwongezea maisha? Aache kidonge, au aendelee nacho? Na jambo la mwisho linanitia aibu: tulikubaliana kumwambia kwamba majibu bado hayajatoka. Kila jioni ananiuliza. Katika daftari ameshaandika tarehe, na upande wa kulia pako wazi.

Wako mtiifu,
Kifungua Mimba

*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyote kwa kuuguza.

Katika barua yako yote, kilichonishika zaidi ni lile tundu la mkanda, na nitalirudia, kwa sababu kwa maoni yangu linaeleza hali ya Baba yako vizuri zaidi kuliko ile 3.3 mnayogombana juu yake. Hata hivyo namba hiyo ina maana yake, na kwa kuwa mgonjwa wetu ni mwalimu wa hisabati, tuanze nayo kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe angeukubali.

Vipimo ulivyonitajia vinaonyesha kushuka mara mbili, na kila kushuka kuna chanzo chake. Kushuka kwa kwanza, kutoka 6.4 hadi karibu 4.9, kulitokana na dawa. Atorvastatini, kama ndugu zake wote wa jamii ya statini, huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli, na kwa mtu asiye na saratani kushuka huko ndiko kunakotafutwa kwa sababu kunapunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kushuka kwa pili, kutoka 4.9 hadi 3.3, kumetokea dozi ikiwa ileile na ugonjwa mwingine ukiwa umeingia mwilini. Kushuka kwa namna hiyo, kusikotafutwa na mtu yeyote, ndiko kunakomfanya daktari aweke kalamu chini na kumtazama mgonjwa upya. Wewe hukukosea kufurahi, kwa kuwa familia iliyofundishwa kwa miaka minane kwamba chini ndiko kuzuri haiwezi kulaumiwa kwa kuifurahia namba iliyoshuka.

Kolesteroli, ambayo vitabu vyetu huiita pia lehemu, ina sifa mbaya kupita inavyostahili. Hakuna seli ya binadamu inayoweza kujenga utando wake bila kolesteroli, na nyongo pamoja na homoni kadhaa hutengenezwa kutokana nayo. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo katika damu hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa kiwanda kikuu, na chakula huchangia sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sasa fikiria kinachompata mtu mwenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo, na ndiyo maana ini huwa kituo cha kwanza cha seli za saratani zinazosafiri. Kiwanda chenyewe, kwa hiyo, kimevamiwa. Hamu ya kula imepungua, jambo ambalo tibakemikali huliongeza. Kinga ya mwili nayo iko katika hali ya mapambano ya kudumu, mwako wa ndani ambao wataalamu huuita inflamesheni, na mwako huo peke yake hushusha kolesteroli hata kwa mtu ambaye hana saratani, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wa maambukizi makali. Zaidi ya hayo, seli za uvimbe, kwa kuwa zinajigawa kwa kasi, huchota kolesteroli kutoka kwenye damu kwa matumizi yao. Mambo hayo yote yakikutana kwa mtu mmoja, namba hushuka.

Kwa hiyo mdogo wako wa kiume hakusoma uzushi. Uhusiano kati ya kolesteroli ya chini na saratani ya utumbo mpana una historia ndefu kidogo, na naomba univumilie niieleze, kwa kuwa ndani yake kuna jibu la ugomvi wenu. Mwaka 1974 kundi la watafiti lililoongozwa na Geoffrey Rose lilichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowashangaza wao wenyewe. Wakati huo ilidhaniwa kwamba, kwa kuwa ulaji wa mafuta mengi ulihusishwa na ugonjwa wa moyo na pia na saratani ya utumbo mpana, wanaume waliokuja kupata saratani hiyo wangekuwa na kolesteroli ya juu tangu awali. Walipozifungua kumbukumbu za vipimo vya zamani walikuta kinyume chake: kolesteroli ya wanaume hao ilikuwa chini kuliko ilivyotarajiwa. Miaka iliyofuata ikajaa hofu, na baadhi ya watu wakaanza kuuliza kama kushusha kolesteroli kunaleta saratani.

Swali lililokosekana katika hofu hiyo lilikuwa la mpangilio wa matukio. Je, kolesteroli ya chini huleta saratani, au saratani iliyojificha, isiyogunduliwa bado, ndiyo inayoishusha kolesteroli? Mwaka 1986 mtafiti wa Uholanzi, Martijn Katan, aliandika barua fupi katika jarida hilohilo la Lancet na kupendekeza njia ya kulijibu. Alisema wapo watu wanaozaliwa na aina ya jeni inayowapa kolesteroli ya chini maisha yao yote, na kama kolesteroli ya chini ndiyo chanzo, basi watu hao wangepaswa kuonekana kwa wingi miongoni mwa wagonjwa wa saratani. Kama siyo, basi ugonjwa ndio unaotangulia. Barua hiyo imezaa tawi zima la utafiti, na leo uelewa wa wengi ni kwamba, kwa sehemu kubwa, kushuka kunakoonekana karibu na wakati wa kugunduliwa kwa saratani ni matokeo ya saratani yenyewe. Ningependa sana Baba yako aisome hoja hiyo, maana ni mwalimu wa hisabati tu ndiye angeifurahia ipasavyo.

Kwa wagonjwa ambao saratani yao imeshasambaa, tafiti kadhaa zimeona kwamba wenye kolesteroli ya chini sana, wakichukuliwa kama kundi, huwa na maendeleo mabaya zaidi kuliko wenzao, ingawa matokeo hayafanani kila mahali. Ndiyo sababu kolesteroli imeingizwa katika baadhi ya vipimo vya pamoja vinavyopima hali ya lishe na mwako wa mwili. Kimojawapo, kiitwacho CONUT, kilichoanzishwa mwaka 2005, huchukua vitu vitatu kutoka kwenye damu: albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, idadi ya chembe nyeupe za aina ya limfosaiti, na kolesteroli ya jumla. Kingine kinaitwa alama ya Naples, kilichochapishwa mwaka 2017 kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, nacho huhesabu kolesteroli isiyozidi miligramu 180 kwa desilita, yaani takriban 4.7 kwa vipimo mnavyotumia ninyi, kuwa alama dhidi ya mgonjwa. Angalia kwamba katika vipimo vyote hivyo kolesteroli haisimami peke yake. Ni shahidi mmoja kati ya kadhaa, na ushahidi wake huaminiwa pale wenzake wanaposema jambo lilelile. Kwa Baba yako shahidi huyu ana kasoro nyingine, kwamba anakunywa statini kila usiku, kwa hiyo sehemu ya ule uchini ni kazi ya dawa na wala haihusiani na saratani. Kumwekea 3.3 yake kwenye mizani moja na mgonjwa asiyetumia statini ni kumwonea.

Hapa ndipo mdogo wako alipoteleza. Aliona kwamba wagonjwa wenye namba ya juu huishi zaidi, akahitimisha kwamba kuipandisha namba kutarefusha maisha. Mtu akisukuma mishale ya saa hadi kwenye saa kumi na mbili, asubuhi haitafika mapema kwa ajili yake. Tena zipo hali ambazo kolesteroli ya mgonjwa wa saratani hupanda huku yeye akizidi kudhoofika: uvimbe ukiibana mirija ya nyongo, nyongo hurudi nyuma kwenye damu, macho huwa ya manjano, na kolesteroli hupanda pamoja nayo. Hata dawa za jamii ya steroidi, kama dexamethasone ambayo wagonjwa wengi hupewa siku ya tibakemikali ili kuzuia kichefuchefu, zinaweza kuipandisha. Kama namba ya juu ingekuwa ndiyo uhai, basi tungemfurahia mgonjwa aliyezibwa mirija ya nyongo, na hakuna daktari mwenye akili timamu anayefanya hivyo.

Dada yenu mdogo naye ameshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia kolesteroli na mafuta. Lakini seli hizo zina uwezo wa kujitengenezea kolesteroli zenyewe, na kile zinachokichota kwenye damu hutolewa na ini mchana na usiku, mgonjwa awe amekula mafuta au hakula. Mafuta yakiondolewa kwenye sahani, uvimbe hauhisi chochote; anayekosa ni mgonjwa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu. Kwa mtu anayekula vijiko vichache kisha akashiba, kumnyima chakula chenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo ni kumpunguzia kile kidogo anachoweza kukimudu. Mwambie hivyo kwa upole, kwa sababu yule binti anachemsha chakula kile kwa mapenzi, na mtu anayehudumia kwa mapenzi huumia sana akiambiwa kwamba amedhuru.

Sasa turudi kwenye mkanda. Kutoka kilo 70 hadi 61 ni kupungua kwa karibu asilimia 13 ya uzito katika miezi sita. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa saratani wameweka mpaka wa asilimia 5 katika kipindi hichohicho: anayepungua zaidi ya hapo bila kukusudia huhesabiwa kuwa na ule udhoofu unaokula misuli, na Baba yako ameuvuka mpaka huo zaidi ya mara mbili. Mgonjwa aliyepoteza misuli huchoka mapema, huugua zaidi kutokana na madhara ya tibakemikali, na mara nyingi hulazimika kupunguziwa dozi au kuahirishiwa mzunguko. Hilo ndilo jambo la kugombania, kama lazima mgombane.

Mwongozo wa Ulaya wa lishe kwa wagonjwa wa saratani unapendekeza kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 61 hiyo ni takriban kilokalori 1,500 hadi 1,800, na protini kati ya gramu 61 na 92. Usijaribu kuzipata katika milo mitatu mikubwa. Mpe kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, na ziangalieni saa zake nzuri, kwani wagonjwa wengi hula vizuri zaidi asubuhi na huchoka kufikia jioni. Chakula bora kiwekwe katika saa hizo. Mafuta yawemo kwa kiasi kinachokipa chakula ladha na nguvu, lakini sahani inayoelea mafuta huleta kichefuchefu, na akiwa katika siku za kuharisha baada ya dawa itamzidishia. Na tafadhali, iwe sahani moja. Mgonjwa asiye na hamu ya kula anapoletewa sahani mbili zinazoshindana huacha kufikiria chakula na kuanza kufikiria ni mtoto gani atakayeudhika. Kijiko kimoja kutoka kila upande kilikuwa ni hukumu ya haki, lakini hakikuwa mlo. Ombeni pia kuonana na mtaalamu wa lishe wa kliniki, na muulize daktari kama kichefuchefu, vidonda vya mdomo, maumivu au kufunga choo havijatibiwa ipasavyo, kwa kuwa mara nyingi "hataki kula" ni jina jingine la tatizo linalotibika. Akiweza kutembea hatua chache kila siku, atembee, maana misuli isiyotumika huyeyuka hata kwa aliyekula vizuri.

Kuhusu kidonge, kuna majaribio mawili yanayofaa kuelezwa. La kwanza lilifanyika Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 269 wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa simvastatini juu ya tibakemikali na wengine kidonge kisicho na dawa. Statini haikuongeza muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea. Kwa hiyo kama kuna atakayewaambia kwamba Baba aendelee na statini kwa sababu inatibu saratani, jaribio hilo halimuungi mkono.

La pili lilichapishwa mwaka huohuo nchini Marekani, nalo ndilo linalomhusu zaidi. Lilichukua watu 381 wenye magonjwa yasiyotibika, karibu nusu yao wakiwa na saratani, ambao madaktari wao walikadiria kwamba wangeishi kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja. Nusu waliachishwa statini na nusu wakaendelea. Katika siku 60 waliofariki walikuwa asilimia 23.8 kwa walioacha na asilimia 20.3 kwa walioendelea, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitisha kwamba kundi moja lilikuwa na nafuu. Matukio ya moyo yalikuwa machache katika makundi yote mawili, na walioacha walieleza kwamba maisha yao yalikuwa na ubora zaidi kidogo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Statini ya kinga ni akiba inayowekwa kwa ajili ya miaka ijayo, na mtu anayemeza vidonge kumi kwa siku ana haki ya kuuliza ni vipi vinavyomfaa mwaka huu.

Hata hivyo sitakwambia umwachishe. Sijui daktari wake anakadiria muda gani, na mgonjwa ambaye bado anapata tibakemikali yenye lengo la kuudhibiti ugonjwa kwa muda mrefu anaweza kuwa katika hali tofauti na watu wa jaribio lile. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuacha kwa hofu ya 3.3 ni sababu mbovu, na kuacha kwa makubaliano na daktari, kwa kuwa kidonge hakina tena faida ya kutosha, ni sababu nzuri. Kwa kuwa hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, mazungumzo hayo ni mepesi zaidi kuliko yangekuwa kwa mtu aliyewahi kuvipata. Mpeleke daktari orodha ya dawa zote, pamoja na za kuua vimelea na za fangasi kama amepewa, maana baadhi yake huongeza kiwango cha statini mwilini. Akipata maumivu makali ya misuli yasiyoelezeka, au mkojo ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, au macho yakawa ya manjano, msisubiri siku ya kliniki. Na kwa kuwa yuko kwenye tibakemikali, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Nalisema kwa kila familia inayoniandikia, na nitaendelea kulisema.

Mkiwa na daktari bingwa wa saratani, muulizeni pia yale yenye uzito mkubwa zaidi katika kutabiri na kuongoza tiba: kama mabonge yaliyo kwenye ini yanaweza kufikia hatua ya kuondolewa kwa upasuaji, uvimbe ulianzia upande gani wa utumbo, na kama umepimwa jeni za RAS na BRAF, ambazo husaidia kuchagua dawa, pamoja na ile hali iitwayo MSI, yaani seli za uvimbe kushindwa kurekebisha makosa ya jeni zake, ambayo ikiwepo hufungua mlango wa dawa za kuamsha kinga ya mwili. Albumini yake ni ngapi? Kipimo cha CEA, ile protini ya damu inayotumika kufuatilia saratani hii, kinaelekea wapi? Hayo yakijulikana, ile 3.3 itapata mahali pake, na mtashangaa jinsi mahali penyewe palivyo padogo. Ombeni vilevile muunganishwe na kitengo cha tiba shufaa mapema. Jina hilo huwatisha watu kwa sababu wanadhani ni la siku za mwisho, ilhali kazi yake ni kuyapunguza maumivu, kichefuchefu na uchovu hata wakati tiba ya saratani inaendelea.

Limebaki daftari. Ninaelewa kwa nini mliificha ile 3.3, na pia nadhani Baba yenu anajua. Mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote anafahamu kwamba majibu ya damu hayachukui mwezi mzima, na kama aliweza kujitobolea mkanda kimyakimya basi anaihesabu hali yake kila asubuhi bila msaada wenu. Mnachomficha hasa ni wenzake wa kuzungumza naye. Kaa naye saa ile anayokuwa na nguvu, wewe peke yako kwanza, umpe karatasi, umwombe radhi kwa kuchelewesha, kisha umweleze kama nilivyokueleza: kwamba sehemu ya kushuka huko ni kidonge, na sehemu ni ugonjwa na kutokula. Halafu muulize anataka kujua kiasi gani kuhusu yaliyobaki, na akisema inatosha, iwe imetosha. Akishaijaza ile nafasi ya kulia, mwombe apige mstari wa pili kwa rula yake, aanzishe safu ya uzito. Apimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, kwa mizani ileile, kabla ya kula. Mdogo wako awe wa kusoma mizani, na kitinda mimba awe wa kuandaa ile sahani moja.